Bukuru Upande Ule, Mimi Upande Huu

Kuna siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, nayo ni siku ya kamba. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, kwa sababu baba yako Gaspari nilimzaa mimi na wewe nikakulea mimi. Jana mlipokuwa mnapalilia maharage nilikusikia ukimwita binamu yako mhafidhina. Ulilitamka neno hilo kama mtu anayetema kapi la muwa. Naye hakukubali kushindwa, akakuita mliberali, na sauti yake haikuwa tamu kuliko yako. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu kicheko kikakatika, maana binamu yako huyo ni mjukuu wa dada yangu Bukuru, na mimi nikisikia mtu wa kwa Bukuru anabishana na mtu wangu, kuna kitu kinaamka kifuani ambacho kwa umri huu kilipaswa kuwa kimeshalala.

Kaa basi. Sogeza hilo kapu. Nitakueleza maneno hayo mawili niliyapata wapi na nilivyoyatumia, ukishamaliza kusikia utaamua mwenyewe kama utamwita binamu yako hivyo tena.

Unajua kwamba mimi na Bukuru ni pacha. Kwetu Buha pacha hawatafutiwi majina, majina yanawasubiri. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto anayekuja baada yao ni Chiza. Kwa hiyo kabla sijalia kilio changu cha kwanza nilikuwa nimeshaitwa mdogo. Tulipewa kila kitu sawasawa, maana ndivyo ilivyotakiwa. Kitenge kwake, kitenge kwangu. Jembe kwake, jembe kwangu. Mgeni akija na zawadi moja tu, mama alimshukuru na kumwomba arudi nayo. Lakini mkono wa mtoaji ulianza kwake siku zote. "Bukuru, shika. Butoyi, na wewe shika." Hiyo "na wewe" imenikera maisha yangu yote. Wengine huona wivu kwa kunyimwa. Mimi sikunyimwa kitu, nilipewa vyote, ila nilikuwa wa pili.

Tulipoolewa nilipumua. Mimi niliolewa hapa hapa Kasulu na babu yako, fundi cherehani, nyumba yetu ikawa ng'ambo ya kijito kutoka kwa baba yangu. Bukuru aliolewa mbali, Mabamba, kule Kibondo ambako ukipanda mlima unaiona Burundi. Watu walidhani ninalia kwa uchungu wa kutengana naye. Nililia kweli, sikatai, lakini baada ya wiki chache niligundua kwamba nikipita njiani watu wananisalimu mimi peke yangu. "Mwakeye, Butoyi!" Basi, hakuna mwingine anayetangulia. Utamu wa salamu ile siwezi kukueleza.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimeingia. Hujui ilivyokuwa. Tulizoea chama kimoja kama tulivyozoea jua, halafu siku moja tukaambiwa vyama vingine vinaruhusiwa, chagueni. Wazee walishika vichwa. Vijana walipanda juu ya masanduku ya soda sokoni wakahutubia. Na redio zikawa na maneno mapya kila jioni, mtu anayaokota bila kujua uzito wake.

Hapo ndipo akaja Bi Zaituni. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Tanga, afisa maendeleo ya jamii, sisi tulimwita Bibi Maendeleo. Alifungua darasa la uraia kwa akina mama kwenye ukumbi wa kata. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika kila siku, na nasema wa kwanza kwa kujidai kwa sababu sikuwahi kuwa wa kwanza popote. Nilikaa benchi la mbele. Nilijifunza katiba ni nini, soko huria ni nini, haki ya mwanamke ni nini. Maneno niliyoyapenda kuliko yote yalikuwa hayo mawili, mhafidhina na mliberali. Nilijiita mliberali sokoni, kisimani na hata kanisani. Nilimwambia shangazi yetu Leokadia kwamba mila ni mnyororo. Alinitazama, akaendelea kuchambua maharage.

Sasa siku ya kamba. Bukuru alikuwa amekuja kumsalimia baba, akasikia habari za darasa, akasema twende wote. Ningemkatalia kwa sababu gani? Tulipoingia tu ukumbini, akina mama wote wakageuka. "Kumbe ndiye Bukuru huyu! Karibu dada, karibu mbele!" Wakampisha kwenye benchi langu. Mimi niliyefika kila siku, kwenye mvua na kwenye matope, nikasogezwa pembeni siku hiyo. Nilikaa ukingoni, nusu ya kalio ikiwa hewani.

Bi Zaituni alitandika sakafuni kamba ndefu ya mgomba, kutoka ukuta hadi ukuta. Akasimama katikati.

"Akina mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga kilichotulia, "huku mwisho wa kulia tuwaweke wahafidhina. Hawa ni watu wanaosema, jambo lililotulea tusilivunje haraka. Familia, dini, mila, utaratibu, vimejaribiwa na waliotutangulia, basi mabadiliko yaje polepole. Kule kushoto tuwaweke waliberali. Hao wanasema, mtu ana uhuru na haki zake mwenyewe, na desturi inayombana ibadilishwe, hata kama ni ya zamani. Wengi wetu tuko mahali fulani katikati. Tena maneno haya yanahama. Hapa kwetu anayetaka kubaki na ujamaa wa zamani ataonekana mhafidhina, lakini kuna nchi ambako anayeudai ujamaa ndiye anayeonekana mleta mambo mapya. Kwa hiyo kwanza ulizeni, kinachohifadhiwa ni nini? Na kinachobadilishwa ni nini? Haya, simameni, nitauliza na kila mtu aende anakoona panamfaa."

Swali la kwanza lilikuwa kuhusu mila za ukoo, zibaki zilivyo au zibadilishwe. Bukuru alitembea taratibu hadi mwisho wa wahafidhina. Mimi, mwanangu, nilikimbia. Nilifika mwisho wa pili hadi bega likagonga ukuta. Tukatazamana kutoka huku na huku, na nilijisikia vizuri sana. Bukuru upande ule, mimi upande huu, na kati yetu ukumbi mzima.

Swali la pili lilihusu kahawa. Je, bei ipangwe na serikali kama zamani, au wanunuzi binafsi waachwe washindane? Mimi jibu nilikuwa nalo. Babu yako alikuwa amechoka kusubiri malipo ya kahawa yetu, na kila siku alisema wanunuzi binafsi waje hata kesho. Nilikuwa mahali pangu kabisa, sikuhitaji hata kuinua mguu. Mara namwona Bukuru anakuja. Ameacha mwisho wake, anatembea kwenye kamba kuja kwangu, anasema kwa sauti kwamba kule Mabamba watu huuziana na jirani wa ng'ambo ya mpaka kwa bei wanayokubaliana na hakuna aliyekufa.

Unajua nilifanya nini? Niliondoka. Nilimpisha nikaenda mwisho ule alioutoka. Tulipishana katikati ya kamba kama watu wanaopishana njia ya kisimani, na akina mama wakacheka.

Swali la tatu likawa gumu zaidi. Wakati huo wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamevuka kwa wingi, kambi zimejaa. Bi Zaituni akauliza, waruhusiwe kutoka na kulima, au wabaki kambini hadi nchi yao itulie? Bukuru alisogea akasimama katikati hasa. "Mimi hao nimewapikia uji nyumbani kwangu," alisema. "Wengine wangeweza kulima kesho. Lakini majirani zangu pia mazao yao yaliliwa mabichi shambani, na wao nawaonea huruma. Siwezi kusimama mwisho wowote."

Mimi nikakwama. Akiwa kulia naenda kushoto, akiwa kushoto naenda kulia. Sasa yuko katikati, mimi niende wapi? Nilizunguka pale kama kuku aliyefungiwa mlango. Mwishowe nikamuuliza Bi Zaituni kama mtu anaruhusiwa kutoka nje ya kamba.

"Mama Gaspari," akaniambia, hakuwa na ukali, "wewe unajibu swali langu, au unamjibu dada yako?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bukuru naye alicheka. Nilimwambia Bi Zaituni kwamba mimi ni mliberali na kila mtu hapa anajua. Akasema, "Sawa mama, lakini mliberali wa jambo gani?" Nilikuta jibu limebaki nyumbani na mimi nimekuja na jina tu.

Ningejifunza pale pale, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Sikujifunza.

Baadaye Bukuru alirudi Kasulu, safari hii si kwa kusalimia. Mume wake alikuwa ameoa mwingine na kumwambia atafute pa kwenda. Alishuka kwenye lori la maharage na watoto wake, godoro moja na masufuria kwenye gunia. Baba alimpa chumba cha nyuma. Watoto walilala wamebanana, na yule mdogo alikuwa na kikohozi. Ili waishi walihitaji mahali pa kulima na pa kujenga, na baba alikuwa na migomba ile iliyoshuka hadi kwenye kijito. Akaita kikao cha ukoo.

Tulikaa uani mchana, baada ya misa. Alikuwepo baba, baba mdogo, Chiza ndugu yetu, Shangazi Leokadia, na wazee wengine wa ukoo. Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati na mirija yake. Baba alieleza kwamba anataka kumkatia Bukuru kipande cha chini, kando ya kijito. Chiza aliinamisha kichwa. Alikuwa akijua kwamba siku moja shamba lote lingekuwa lake, sasa anasikia linapungua.

Hapo baba akanigeukia. Katika ukoo wetu jambo la pacha mmoja haliamuliwi kabla mwenzake hajaulizwa. "Butoyi," akasema, "tunakuuliza. Unasemaje?"

Wiki hiyo hiyo, mwanangu, nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama ukumbini nikisema mwanamke awe na ardhi yake. Nilipigiwa makofi. Wote pale uani walijua nitasema nini, na Bukuru alishanitazama kwa shukrani kabla sijafungua mdomo.

Lakini mimi nilikuwa nasubiri neno moja. Nilisubiri baba aseme "na wewe". Tangu tuzaliwe, Bukuru akipewa nami napewa. Safari hii baba alimtaja Bukuru, akataja kijito, akataja mipaka, akanyamaza. Mimi nina mume, nina nyumba ng'ambo, kwa hiyo hapakuwa na changu. Lile neno nililolichukia maisha yangu yote, siku lilipokosekana niliumia vibaya zaidi. Roho iliniuma.

Nikasimama. "Wazee wangu," nikasema, "mila zetu haziruhusu. Binti akishaolewa ametoka. Migomba ya baba ni ya mtoto wa kiume. Tukianza kumega leo, kesho ukoo utabaki na nini?"

Hakuna aliyevuta mrija. Chiza akainua kichwa, akasema haraka haraka, "Dada amesema kweli."

Bukuru hakulia. Aliniuliza tu, "Butoyi, watoto wangu walale wapi?"

Nikamjibu, "Mila si yangu. Nimeikuta."

Nataka ujue Shangazi Leokadia alikuwa mtu wa namna gani. Yule ndiye angekuwa mhafidhina wa kwanza kama kamba ingefika kwake. Alikuwa mzee ambaye hajawahi kula yai kwa sababu wanawake wa zamani hawakula. Jina la baba mkwe wake hakulitamka hata siku moja. Mimi nilipoposwa alitaka mahari yaje na majembe, na yakaja. Kwa hiyo aliposogeza kigoda chake mbele nilijua nimepata wa kuniunga mkono.

"Butoyi," akasema, "juzi ulipita kwangu ukaniambia mila ni mnyororo. Leo umekuja nayo mkononi. Umeiokota wapi?"

Nikainama nikakung'uta vumbi kwenye kitenge changu.

"Mimi nimeishi nayo. Ninajua inanyima nini na inatoa nini. Ni kweli, binti harithi sawa na kaka yake, hilo limeniuma hata mimi na sikusema. Lakini binti aliyerudi kwao na watoto, mila hiyo hiyo haikumlaza nje hata mara moja. Babu yako, yaani baba yangu mimi, alimkatia dada yake shamba ng'ambo ya kijito, akalilima hadi kufa kwake, mimi mwenyewe nilimsaidia kupanda. Wewe umechukua nusu inayokufaa, nusu ya pili umeifunika. Anayetaka kuhifadhi kitu, ahifadhi chote, hata kile kinachomgharimu."

Baba mdogo akasema, "Ego," yaani ndiyo, na wengine wakaitikia.

"Sasa nasema na jingine ambalo mila haina," shangazi akaendelea. "Zamani kaka akibadilika moyo, dada alifungasha akaondoka. Niliona. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aitwe, miti ya mpaka ipandwe mbele ya macho yake, ili Chiza asije akamtoa Bukuru mimi nikiwa kaburini."

"Shangazi, mimi simtoi!" Chiza akalalamika.

"Leo humtoi," shangazi akamwambia.

Baba alikuna kidevu. Alikuwa na wasiwasi. "Lakini pacha wake amekataa."

"Mila inasema pacha aulizwe," alisema Shangazi Leokadia. "Ameulizwa. Haikusema lazima akubaliwe."

Wakacheka, mwanangu, wazee wazima, mpaka chungu kikatikisika. Niliondoka pale bila kuaga nikavuka kijito na viatu miguuni. Bukuru alipata shamba lake. Darasani sikurudi tena, na nikasikia kwamba Bukuru ndiye anayekwenda sasa, na kwamba Bi Zaituni anampenda, na kwamba anakaa kwenye benchi langu. Nililia kwa ajili ya benchi kuliko nilivyolia kwa ajili ya aibu. Kila asubuhi nikichota maji nilimwona ng'ambo anapanda migomba, nami nilitazama kama inashika vizuri, na ilishika. Nilitamani fuko waile mizizi. Nakwambia ukweli wote kwa sababu wewe umekula ndizi za shamba lile.

Ila lilikuwepo jambo moja lililonishangaza. Alipanda migomba upande wa chini tu. Upande wa juu, penye udongo mzuri zaidi, alipanda maharage mwaka hadi mwaka. Nilisema moyoni, dada yangu mkubwa hajui kulima. Hilo lilinifariji sana.

Miaka haikuwa mingi, babu yako akaugua akafariki. Baba yako Gaspari alikuwa bado yuko shule ya msingi. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji zangu wakaja kuniambia kwamba nyumba ni ya ukoo wao, cherehani ni ya ukoo wao, na mimi nirudi kwetu. Nilipouliza kwa nini, mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa. "Shemeji, mila si yetu. Tumeikuta."

Maneno hayo niliyafahamu, nilikuwa nimeshayasema mwenyewe.

Nikavuka kijito na Gaspari na furushi la nguo. Baba alikuwa amezeeka, sauti yake ndogo. Shangazi Leokadia alikuwa bado hai, haoni vizuri, lakini kigoda chake kilikuwa pale pale mbele. Kikao kikaitwa. Chungu kikawekwa. Baba akasema, Butoyi amerudi na mtoto, anahitaji mahali. Kisha wote wakageukia upande mmoja, na mimi nikakumbuka nililokuwa nimesahau kabisa, kwamba pacha mwenzangu lazima aulizwe.

"Bukuru," akasema baba, "pacha wako ameleta shida yake. Tunakuuliza. Unasemaje?"

Sasa ilikuwa zamu yake. Angeweza kuniuliza mila imekuwaje. Angeweza kuniuliza mimi ni mliberali wa jambo gani. Angeweza kunyamaza tu, na Chiza angejua la kufanya. Mimi ningekuwa yeye, mwanangu, sijui ningefanya nini. Naogopa kwamba najua.

Bukuru alisimama akafuta mikono kwenye kitenge. "Mimi jibu nililitoa siku ile niliyopewa," akasema. "Kitu cha pacha hugawanywa. Ndiyo maana upande wa juu sikuweka mgomba. Mgomba ukishashika si rahisi kumwachia mtu. Nilipanda maharage ili siku Butoyi akija niyavune nimpishe."

Shangazi Leokadia akageuza uso kunielekea. "Butoyi," akasema, "na wewe shika."

Nikashika. Ndilo hilo shamba mlilokuwa mnapalilia jana, wewe na binamu yako, wakati mnaitana majina.

Unadhani wivu uliisha siku ile? Hapana. Uliongezeka. Nilikaa pale nikifikiri kwamba hata kwenye wema amenitangulia, tena miaka, na mimi nilikuwa ng'ambo namcheka kwamba hajui kulima. Hadi leo akinipita kwenda kanisani na mgongo wake ulionyooka, kitu kinanichoma. Nimezeeka nacho. Lakini nimekijua jina, na nikikisikia kinaamka nakiambia kikae, kwanza nisikie swali.

Basi hiki ndicho ninachotaka uondoke nacho. Uchaguzi unakuja, mtavaa fulana, mtaitana wahafidhina na waliberali, na wengine watakuja kutoka mbali kuwafundisha kuchukiana kwa maneno hayo. Maneno si mabaya. Mhafidhina wa kweli anakumbuka mlango uliokuwepo zamani, kama shangazi alivyokumbuka. Mliberali wa kweli anaona ukuta uliohitaji mlango, kama Bi Zaituni alivyotuonyesha. Nchi inawahitaji wote wawili, na mara nyingi wanakaa ndani ya mtu mmoja, kama ulivyoona kwa yule mzee asiyekula mayai aliyetaka mwenyekiti wa kijiji aitwe. Mtu akikuambia anataka kuhifadhi, muulize anahifadhi nini, na kama amehifadhi chote au nusu inayomfaa. Mtu akikuambia anataka kubadilisha, muulize nani atakayelala nje baada ya hapo. Ukishajibiwa, simama unapoona panafaa, na swali la kesho likija usiogope kuhama.

Ila kabla ya kusimama jiangalie kifuani. Jiulize kama unajibu swali, au unamjibu binamu yako. Mimi nilimjibu dada yangu, na kidogo tu watoto wake walale nje kwa ajili hiyo, na mwishoni mlango nilioutaka ufungwe ndio nilioingilia mimi.

Mungu akupe macho ya kuona jambo kabla ya kumwona mtu aliyelibeba. Akupe ulimi usiovaa nguo za kuazima. Akuzidishie mavuno, na binamu yako pia. Unaona, mdomo wangu umeanza na wewe, nimejaribu kuanza na yeye, nimeshindwa.

Chukua hilo kapu. Hayo maharage mabichi gawa mafungu mawili sawasawa, lako na la kwake, upeleke sasa hivi kabla jua halijawaka. Ukifika, mpe yeye kwanza. Itakuuma kidogo. Mpe hivyo hivyo.